Mama yuko Lamu, macho yamechoka: tumnunulie tableti ya inchi ngapi?

BARUA

Asalaam aleikum ndugu washauri,

Mimi niko Malindi, mamangu yuko Lamu, Langoni, katika nyumba ya kale ya mawe. Ana miaka 73. Jicho la kulia ameshapasuliwa mtoto wa jicho, la kushoto bado anangojea zamu. Ana kabambe, simu ndogo ya vitufe, yenye laini yake ya M-Pesa, na hiyo anaimudu hasa, hataki mtu aiguse. Kando ya hiyo nilimwachia simu yangu ya zamani ya inchi 6.5. Haina laini. WhatsApp iliyomo imesajiliwa kwa namba ile ile ya kabambe, na intaneti anarushiwa na mjukuu wake akirudi skuli.

Anachotaka si kikubwa: asome msahafu baada ya alfajiri, aonane na kakangu aliyeko Doha na wajukuu wa huko, na asikilize darsa YouTube. Lakini maandishi ya simu hayaoni. Akigusa, kioo hakisikii. Akishindilia kidole, vinafunguka vitu asivyovitaka, na mara nyingi humkatia kakangu simu bila kujua. Bando la mjukuu nalo halifiki mwisho wa wiki, wala hatujui linaliwa na nini.

Tumechanga shilingi 38,000. Kakangu anasema tungoje tuongeze, tuchukue iPad ya inchi 13. Dadangu anasema inchi 8 yatosha, kubwa itamchosha mikono. Duka moja hapa mjini linaniuzia ya inchi 10.1, "RAM 16, memori 512", kwa shilingi 9,500, na muuzaji anasema pesa zitakazobaki nitamlipia mama bando mwaka mzima. Nishike la nani? Na je, laini ya M-Pesa tuihamishie kwenye tableti abaki na kifaa kimoja tu? Nasafiri mwisho wa mwezi, ningependa niende nayo.

Binti wa Langoni, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam dada yetu,

Tuanze na hiyo ya shilingi 9,500, maana ndiyo inayoweza kukutoa pesa leo. Iache. Tableti yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 za kweli na memori (ghala la kuhifadhia) ya GB 512 haiuzwi bei hiyo. Zinazotangazwa hivyo aghalabu huwa na RAM ya GB 2 au 3 na Android kuukuu iliyochezewa, ili ukifungua ukurasa wa "Kuhusu" uone namba za kupendeza. Wengine hawadanganyi moja kwa moja, hujumlisha tu: GB 4 za RAM halisi, na 12 za kuazima kutoka kwenye memori. Za kuazima hazifanyi kazi ya RAM. WhatsApp ikiwa imefunguka pamoja na YouTube, tableti itakwama, na mama atafikiri ameiharibu.

Duka lolote utakaloingia, kabla ya kutoa hata shilingi, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu pembeni, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu. Hapo pana mstari wa uthibitisho wa Play Protect, ulinzi wa Google, na kifaa halali huandikwa kwamba kimeidhinishwa. Baada ya hapo tafuta, katika mipangilio ya tableti yenyewe, tarehe ya sasisho la usalama la Android. Ikiwa imepitwa na miaka miwili au zaidi, rudisha kaunta. Muuzaji asipokuruhusu kuiwasha na kuiunganisha na intaneti ya simu yako, hapo ameshakujibu.

Ubaya mwingine wa hizo za bei ya chini unamhusu mamako zaidi, nao ni nukta za skrini, vile vidoti vinavyojenga picha. Nyingi zina nukta 1024 kwa 600, na zilizo bora kidogo 1280 kwa 800. Kwenye inchi 10.1, hiyo ya kwanza ni kama nukta 117 kwa kila inchi, na ya pili 149. Kwa kutazama darsa hutaona kasoro kubwa. Fungua msahafu sasa: irabu ndizo zinazoumia. Shada inageuka uvimbe mdogo juu ya herufi, nukta mbili za te zinaungana kuwa doa moja, na fat-ha iliyokaa karibu na mstari wa juu huijui ni ya neno gani. Mtu anayengojea kupasuliwa jicho ataamini macho ndiyo yamezidi kuharibika. Inchi 11 yenye nukta 1920 kwa 1200 ina nukta 206 hivi kwa kila inchi, na irabu zinasimama mbalimbali. Kwa hivyo neno la kulishikilia dukani ni hilo, 1920 kwa 1200, kabla hata ya kuuliza inchi.

Inchi nazo zipimwe kwa upana wa karatasi, maana ile namba ya boksi ni ya kipimo cha kona hadi kona. Simu ya inchi 6.5 ikisimama ina upana wa sentimita 7 tu, ikipungua kidogo. Tableti ya inchi 8.7 ina sentimita 11 na kitu. Ya inchi 11 ina karibu 15. Msahafu wa Madina, ule wa kurasa 604 na mistari 15 kila ukurasa, ndio unaoonyeshwa na programu nyingi, na kurasa zake zimewekwa kama picha. Maana yake ni kwamba hata ukikuza fonti ya tableti hadi mwisho, maandishi ya msahafu hayaongezeki. Yanajaa upana wa skrini na kuishia hapo. Kwenye inchi 8.7 mama atapata msahafu wa mfukoni. Kwenye inchi 11 atapata ukurasa unaokaribia ule wa msahafu wa kawaida wa mkononi. Dadako ana hoja ya uzito, ila kwa kazi hii inchi 8 haitoshi.

Hoja ya uzito yenyewe tusiipuuze. Tableti ya inchi 11 ni gramu 480 hivi, na kava yenye stendi inaipeleka kwenye gramu 700 au zaidi. Ile iPad ya inchi 13 hukaribia gramu 600 au kuzivuka kabla ya kuvikwa chochote, na bei yake iko mbali mno na mchango wenu. Mwambie kakako pesa hizo za kuongeza zingoje gharama za jicho la kushoto. Kama mnataka kujua mikono ya mama itastahimili nini, mwambie mjukuu ampe pakiti ya sukari ya nusu kilo aishike kwa mikono miwili kama anayesoma, dakika kumi. Akiishusha kabla, si lazima mpunguze ukubwa. Maana yake tableti isiwe ya kushikwa kabisa. Marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, aliyonayo ndani inaweza kuibeba ya inchi 11 ikiwa imesimama, bila kava nene. Angalia tu tundu la chaji: kwenye tableti nyingi liko upande mfupi, na likiwa chini waya utaminywa na mbao. Igeuzeni juu chini, skrini itajigeuza yenyewe. Msahafu asome ikiwa imesimama kwa urefu, kwani baadhi ya programu tableti ikilazwa hupanga kurasa mbili ubavu kwa ubavu na herufi zikarudi udogo ule ule.

Programu yenyewe iwe ile ya bure iitwayo Quran for Android, ya quran.com. Haina matangazo. Hili si dogo: programu ya msahafu inayorusha tangazo la kamari katikati ya sura itamfanya mama aichukie tableti nzima. Pakua kurasa zote na sauti ya msomaji anayempenda, Husary au mwingine, ukiwa bado Malindi, ili kusoma kusiguse bando.

Sasa intaneti, ambako ndiko wengi huteleza. Boksi likiandikwa Wi-Fi peke yake, tableti haina mahali pa kutia laini. Mfano, Redmi Pad SE ya inchi 11 ina skrini nzuri kwa pesa zake lakini haina tundu la laini kabisa. Samsung Galaxy Tab A9+ ya inchi 11 iko ya aina mbili zinazofanana kwa sura: SM-X210 ni ya Wi-Fi tu, SM-X216 ni ya laini, na boksi lake huandikwa 5G. Usibabaishwe na 5G, 4G inamtosha mama na kubaki. Tunaitaja kwa sababu ndiyo alama ya kwamba laini inaingia. Hakikisha kwa macho: tableti ya laini ina namba ya IMEI (utambulisho wa kifaa kwenye mtandao wa simu) kwenye ukurasa wa Kuhusu, ya Wi-Fi haina. RAM isipungue GB 4, memori isipungue GB 64.

Ikiwa ya laini itapita uwezo wenu, usikimbilie ya bei ya chini. Nunua ya Wi-Fi ya inchi 11, kisha itumie ile simu ya zamani isiyo na laini. Itie laini ya data, uiweke juu mahali penye mtandao mzuri, irushe intaneti muda wote. Kwa nyumba ya mawe ya Lamu njia hii wakati mwingine inashinda hata tableti ya laini. Kuta za matumbawe na chokaa zinazokaribia nusu mita hunywa mtandao. Mtu yuko chumba cha ndani ana kijistari kimoja cha mtandao, akitoka kiwandani, yaani uani, anapata vinne. Mjukuu apime kabla hujanunua: achukue simu, asimame chumbani kwa mama, kiwandani na darini, mchana na tena baada ya isha watu wote wakiwa mitandaoni, apige simu ya video kila mahali. Apime kwa laini za mitandao tofauti kama anaweza kuazima. Mtandao utakaoshinda ndani ya chumba cha mama ndio wa kununulia laini, hata kama nyinyi nyote mko kwenye mwingine.

Ukitumia simu kurusha intaneti, fanya mambo mawili. Katika mipangilio ya kurusha, chagua masafa ya 2.4 GHz, kwa sababu yale ya 5 GHz hufa haraka ukutani. Halafu zima ile amri ya kujizima pasipokuwa na kifaa kilichounganishwa. Isipozimwa, mama akiiweka tableti akaenda kuswali, akirudi hakuna intaneti na hajui kwa nini. Na isikae kwenye chaji usiku na mchana, betri ya simu kuukuu huvimba. Ichajiwe asubuhi, ichomolewe.

Laini ya M-Pesa isihame. Baadhi ya tableti, hata zikiwa na laini, hazina menyu ya laini kama ya simu, ile ya M-Pesa, na nyingine hazipigi simu za kawaida. Mama anaimudu kabambe yake. Kumpokonya kitu anachokijua ili abaki na kifaa kimoja ni faida yenu, si yake. Zaidi ya hayo, pesa zikiwa kwenye kabambe na mazungumzo kwenye tableti, tapeli atakayempata WhatsApp hafiki kwa urahisi kwenye pochi.

WhatsApp inahitaji hesabu kidogo. Ukiiunganisha tableti na ile simu ya zamani kama kifaa cha pembeni, itafanya kazi, lakini simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vyote vya pembeni vinatolewa. Simu kuukuu ikifa kwenye mtoto wa meza, wiki mbili baadaye mama hana WhatsApp. Bora tableti iwe ndiyo kuu. Kwanza, kwenye simu ya zamani, hifadhi mazungumzo kwenye akaunti ya Google, na tableti uiingize akaunti hiyo hiyo, la sivyo hayatarudi. Kisha weka WhatsApp kwenye tableti. Skrini ya kwanza itakuonyesha mraba wa kuskani. Usiuguse, nenda kwenye vidoti vitatu pembeni uchague kusajili akaunti mpya. Andika namba ya kabambe. Namba ya siri ya tarakimu sita itaingia kwenye kabambe kama ujumbe wa kawaida, kwa hivyo hatua hii ifanyike ukiwa umekaa na mama Langoni, si Malindi. Papo hapo simu ya zamani itatoka WhatsApp, nayo ndiyo ilivyo. Malizia kwa kuweka uthibitishaji wa hatua mbili, uchague PIN isiyofanana na ya M-Pesa.

Kioo kutosikia kidole si ujinga wa mtumiaji. Skrini hizi hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi ya uzee ikikauka haiupitishi vizuri. Kioo cha ziada cha kulinda skrini kikiwa kinene, mambo yanazidi. Kwa hivyo chembamba au usiweke kabisa, kava ya pembe nene inatosha. Kalamu ya ncha laini ya mpira, ile rahisi isiyo na betri, huwafaa wengi, na vilevile hupunguza alama za mafuta ya nazi kiooni. Kule kufunguka kwa vitu visivyotakikana kunatokana na kidole kukaa sana: kwa kawaida tableti huhesabu nusu sekunde tu, kisha inadhani unataka menyu nyingine. Ingia Mipangilio, Ufikivu, tafuta muda wa kugusa na kushikilia, usogeze hadi sekunde 1 au 1.5. Pale pale, kwenye Samsung na nyingine kadhaa, kuna amri ya kupuuza miguso ya kurudiarudia; iwashe kama mikono inatetemeka.

Kisha vunja mazoea ya vijana. Rudisha vile vitufe vitatu vya chini, kwani kuteleza kwa kidole kutoka pembeni ndiko kunakowapoteza wazee. Muda wa skrini kuzimika uwe dakika 10, si sekunde 30, la sivyo itazimika kabla aya haijaisha. Skrini ya mwanzo ibaki na alama nne au tano tu: msahafu, WhatsApp, YouTube, kamera, na picha za wajukuu. Kisha ufunge mpangilio wake zisihame zikishikwa kwa bahati mbaya. Fonti ikuzwe kwanza, hatua kwa hatua, na baada ya kila hatua fungua WhatsApp uone kama kitufe cha kupiga video bado kinaonekana. Ukikuza fonti na ukubwa wa vitu vyote kwa pamoja hadi mwisho, vitufe vingine husukumwa nje ya skrini. Lugha: kabla ya kulipa tazama kama Kiswahili kimo kwenye orodha, si kila kampuni imekiweka chote. Kuandika hakuhitajiki sana, sauti zinatosha, ila kibodi ya Google inakubali Kiswahili cha kusemwa, na wengine hukifurahia.

Alama ya kidole usiitegemee kufungua. Michirizi ya vidole vya uzeeni imesagika na kazi za miaka. PIN fupi ni bora.

Macho tuyaseme wazi. Lenzi inayowekwa baada ya kutolewa mtoto wa jicho kwa kawaida hupangwa kuona mbali, ndiyo maana kusoma kunahitaji miwani hata upasuaji ukifaulu. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi. Tableti iliyo mezani kwenye stendi huwa sentimita 50 hadi 60, na pale miwani ile ile huleta ukungu. Mama akipelekwa kliniki ya macho, mpime kwa futi umbali anaopenda kuiweka, umwambie daktari namba hiyo. Na kama jicho lililopasuliwa lilikuwa safi kisha likaanza kuona moshi tena, huenda ni utando unaojijenga nyuma ya lenzi. Huo husafishwa kwa leza, haungoji tableti kubwa zaidi. Kwa jicho la kushoto, weupe wa skrini ndio unaochoma. Jaribuni mandhari meusi kwa siku kadhaa kisha mrudishe meupe, achague mwenyewe. Wengine wenye mtoto wa jicho hupumua, wengine huona maandishi meupe yakitawanyika.

Kwa simu za Doha, kamera ya mbele iwe upande mrefu wa tableti, ili ikilazwa kwenye stendi iwe juu katikati. Ikiwa upande mfupi, mama ataonekana akitazama pembeni muda wote. Stendi ndiyo inayozuia kukata simu, maana hakuna kiganja kinachoshika kioo. Iinue kwa kijisanduku hadi kamera ikaribie macho, na mlango wa kiwandani uwe mbele yake, usiwe nyuma, ama kakako ataona kivuli tu. Kama sauti inapotea kwa adhana, punda na watoto, spika za masikioni za waya hushinda za Bluetooth: hazihitaji chaji wala kuunganishwa upya. Angalia tundu lake lipo.

Bando linaliwa na nini? Karibu kila mara ni WhatsApp ikipakua yenyewe video za magrupu, na YouTube ikionyesha ubora wa juu. Kwenye WhatsApp ingia sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa midia wa kiotomatiki ukitumia data ya laini, na uwashe matumizi kidogo ya data kwa simu. Ukirusha intaneti kutoka simu nyingine, tableti huiona kama Wi-Fi, kwa hivyo uzime na upande wa Wi-Fi. YouTube weka ubora wa chini, darsa ni sauti. Sasisho za programu nazo zizuiwe, uzifanye wewe ukija. Baada ya mwezi fungua ukurasa wa matumizi ya mtandao ndani ya WhatsApp, hapo utaona MB kwa MB.

Chaji: boksi nyingi hazina kichwa siku hizi, uliza. Betri ya ile Tab A9+ ni kama mAh 7,000. Kwa kichwa cha wati 15 hujaa kwa saa tatu hivi, kwa kile kidogo cha kabambe cha wati 5 huchukua karibu saa saba, na mama atasema imeharibika. Tokeni zikiisha au umeme ukikatika, pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 huijaza mara mbili. Tia kinga ya umeme ukutani, kwa sababu unaporudi ghafla ndipo unapochoma vichwa vya chaji. Chumvi ya bahari inaanza na waya: ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye ncha, tupa waya huo, usiukwangue na kuurudisha tunduni. Tableti ikileta onyo la unyevu, usilazimishe chaji. Iache pakavu penye hewa. Kioo kipanguswe kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo maji baridi. Isilale kwenye daka, baraza ya mlangoni, jua likiwa kali, wala isichajiwe chini ya mto.

Safari yenyewe: ipeleke ikiwa na chaji nusu, ndani ya mifuko miwili ya plastiki inayofungika, na kutoka gati la Mokowe uipakate, isiwekwe kwenye mzigo wa mbele ya boti, hasa kusi ikivuma.

Kuhusu matapeli, kwenye WhatsApp weka kwamba magrupu aingizwe na anaowajua tu, na simu za namba ngeni zinyamazishwe. Usimwekee programu ya kuitawala tableti kutoka mbali. Matapeli huwaambia wazee wafungue hizo hizo, na akishazizoea hatashtuka. Ukihitaji kumsaidia ukiwa Malindi, WhatsApp ina kuonyeshana skrini ndani ya simu ya video. Yeye anabonyeza, wewe unaona na kumwongoza kwa maneno. Mfundishe kitufe hicho siku uko naye, mara kadhaa, yeye akiwa ndiye anayegusa.

Ukipanga pesa, usimalize zote 38,000 kwenye tableti. Acha kama 5,000 za kava ya kusimama, kichwa cha chaji, laini na bando la kwanza. Barua pepe ya akaunti ya Google, neno lake la siri na ile PIN ya WhatsApp viandike daftarini, nakala moja ibaki kwako. Namba ya kurejeshea akaunti iwe yako. Tableti ikifutwa kabisa na fundi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, inaweza kudai akaunti ile ile iliyokuwamo. Bila hiyo haifunguki, hata ukiwa na risiti mkononi.